MKONO HUSUKA, KALAMU HULINDA



Umejifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Umefanya kazi kubwa. Sasa jiulize: hesabu uliyojifunza inakusaidia nini nyumbani kwako? Ikiwa inabaki darasani pamoja na ubao na chaki, itakauka kama mche usiotiwa maji. Katika somo hili tutaichukua hesabu hiyo mpaka barazani, pale unapokaa jioni ukisuka ukili.

Nina neno moja la kukuambia, nami nitalieleza kidogo kidogo. Kazi ya mkono haimpi mtu fedha kwa sababu ni nzuri tu. Humpa fedha akiihesabu. Na kubana matumizi hakumletei mtu nafuu kwa sababu ni tabia njema tu. Humletea nafuu akijua anabana kwa ajili ya nini. Mambo haya mawili yakienda pamoja, mtu mwenye kipato kidogo anaweza kusimama. Yakitengana, atasuka mpaka macho yaume, na kibindo kitabaki kitupu.

1. KAZI ISIYOITWA KAZI

Vijiji vyetu vina mafundi wengi. Katika pwani ya Tanzania, na huko Unguja na Pemba, akina mama husuka mikeka ya ukindu, misala, makawa na vipepeo. Husuka pia majamvi na makanda ya miyaa. Wengine hufukia makumbi ya nazi katika matope ya pwani kwa miezi kadhaa, kisha huyaponda na kusokota kamba. Iringa, akina mama husuka vikapu vya milulu. Ukambani, nchini Kenya, husuka viondo vya katani. Wanaume nao wana kazi zao. Huchonga miko, vinu na mipini ya majembe. Husuka madema ya kuvulia samaki.

Lakini muulize mama mmoja wa pwani: "Mama, unafanya kazi gani?"

Atakujibu: "Mimi mkulima."

"Na mkeka huo je?"

"Aa, napitisha wakati tu, mwanangu."

Jibu hilo ni la unyenyekevu, lakini lina hasara ndani yake. Kitu ambacho mwenyewe amekiita cha kupitisha wakati, mnunuzi naye atakilipia bei ya kupitisha wakati.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Kwanza ukindu hukatwa porini, au hununuliwa. Kisha huanikwa juani mpaka ukauke na kuwa mweupe. Kisha huchanwa, chane kwa chane. Zile chane za kutiwa rangi huchemshwa katika sufuria ya rangi, na kuni zinahitajika. Kisha ndipo ukili husukwa, pima kwa pima, jioni baada ya jioni. Ukili ukitosha, hushonwa kwa sindano kubwa, mstari kwa mstari, mpaka uwe mkeka. Mwisho pindo hutiwa, na ncha zinazotokeza hukatwa.

Je, hiyo ni kupitisha wakati? Mimi nasema hapana. Hiyo ni kazi ya ufundi. Fundi seremala akitengeneza kitanda hasemi alikuwa anapitisha wakati. Husema: mbao kiasi hiki, misumari kiasi hiki, siku zangu kiasi hiki. Nawe mwenye ukili sema hivyo hivyo.

2. HESABU YA MKEKA MMOJA

Chukua kalamu na daftari. Tutafanya hesabu pamoja. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe weka bei za kijijini kwako.

Tuseme mama mmoja amesuka mkeka wa kulalia. Alitumia hivi:

Ukindu: shilingi 6,000
Rangi: shilingi 2,000
Nauli ya kwenda sokoni na kurudi: shilingi 2,000
Jumla: shilingi 10,000

Aliuza mkeka kwa shilingi 30,000. Alirudi nyumbani amefurahi. Aliwaambia jirani zake: "Leo nimepata elfu thelathini."

Je, ni kweli amepata elfu thelathini? Hapana. Toa 10,000 katika 30,000. Zinabaki 20,000. Hizo ndizo alizopata.

Sasa tuhesabu siku. Alisuka ukili jioni 14. Alishona na kutia pindo jioni 2. Jumla ni jioni 16, na kila jioni alifanya kazi saa 3. Gawa 20,000 kwa 16. Jibu ni 1,250. Basi kila jioni ya saa 3 ilimpa shilingi 1,250.

Wako watakaosema: "Usituhesabie siku. Ukihesabu siku utakata tamaa, na mkeka hautasukwa." Nimelisikia neno hilo mara nyingi. Sikubaliani nalo. Mgonjwa haponi kwa kukataa kupimwa. Ukijua jioni yako inaleta kiasi gani, unaweza kuchagua. Usipojua, wengine watakuchagulia.

Tazama mfano wa pili. Mama yule yule alisuka kikapu cha miyaa. Miyaa ilikuwa shilingi 1,000 na rangi shilingi 500. Alipeleka vikapu vinne sokoni kwa nauli ile ile ya 2,000, kwa hiyo kila kikapu kilibeba nauli ya shilingi 500. Jumla ya gharama za kikapu kimoja ni 2,000. Aliuza kila kikapu kwa shilingi 8,000. Zilibaki 6,000. Kikapu kimoja kilimchukua jioni 3. Gawa 6,000 kwa 3. Kila jioni ilimpa shilingi 2,000.

Mkeka uliuzwa 30,000, na kikapu kiliuzwa 8,000. Kwa macho, mkeka una faida kubwa zaidi. Kwa kalamu, kikapu kina faida zaidi kwa kila jioni. Macho yalimdanganya. Kalamu ilimwambia kweli.

Sisemi kila mtu aache mikeka asuke vikapu. Huenda sokoni kwenu vikapu ni vingi mno. Huenda mikeka yako ni mizuri hata watu wanaiagiza kwa ajili ya harusi. Nasema hivi: fanya hesabu kwanza, kisha chagua.

Na ili uweze kuhesabu, andika. Usitegemee kichwa. Kila jioni ukimaliza kusuka, chora kistari kimoja katika daftari. Ukinunua ukindu au rangi, andika siku ile ile. Ukiuza, andika. Ukitumiwa fedha kwa simu na ukakatwa ada ya kuzitoa, andika ada hiyo pia, maana nayo ni gharama. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

3. MKEKA ULIOUZWA KABLA YA KUSUKWA

Sasa tunafika mahali penye uchungu.

Wasukaji wengi hawana fedha ya kununua ukindu. Mchuuzi huja kijijini na mzigo wa ukindu na rangi. Husema: "Chukua, mama. Usinilipe sasa. Utanilipa kwa mkeka." Maneno hayo ni matamu. Lakini tuyapime kwa kalamu.

Tuseme ukindu na rangi alizokukopesha ni za shilingi 8,000. Mkeka ukimalizika, anauchukua kwa bei yake, yaani 20,000. Anakata deni lake la 8,000. Unabaki na 12,000.

Sasa tuseme ungenunua ukindu na rangi kwa fedha yako. Mchuuzi yule yule anakuja kijijini, na huna deni lake. Unaweza kumwambia: "Mkeka huu ni 27,000. Ukitaka, chukua. Usipotaka, nitaupeleka sokoni." Akikubali, toa 8,000 ulizotumia. Unabaki na 19,000.

Toa 12,000 katika 19,000. Tofauti ni 7,000. Maana yake nini? Ulikopa vitu vya shilingi 8,000, ukalipa shilingi 15,000. Tena ulilipa kwa muda wa mkeka mmoja tu. Ukisuka mikeka sita kwa mwaka kwa njia hiyo, umempa mchuuzi shilingi 42,000 za jasho lako.

Ndiyo maana nasema: mchuuzi akikukopesha ukindu, ameshaununua mkeka wako kabla hujausuka. Na bei ameipanga yeye.

Tusimwonee mchuuzi. Naye ana nauli yake, ana hasara zake, na watoto wake wanataka kula. Pengine bila yeye mikeka isingetoka kijijini. Kumchukia hakutakusaidia. Kitakachokusaidia ni kukutana naye ukiwa huna deni lake. Mtu asiye na deni huzungumza bei. Mtu mwenye deni husikiliza bei.

4. KUBANA MATUMIZI KWA AJILI YA NINI?

Basi utapata wapi hizo 8,000 za ukindu wako wa kwanza? Hapa ndipo kubana matumizi kunapoingia.

Tangu utoto tumeambiwa: weka akiba, usitapanye. Wengi tumechoka kusikia maneno hayo. Mtu maskini akiambiwa abane matumizi, huuliza: "Nibane nini, na mkono wenyewe hauna kitu?" Swali lake ni la haki. Kwa hiyo tusiseme maneno makubwa. Tutafute shilingi 500 kwa wiki. Wiki 16 zikipita, 500 hizo zitakuwa 8,000. Huo ni ukindu na rangi za mkeka mmoja, na mkeka huo utakuwa wako mwenyewe.

Tuanze na sukari. Tuseme dukani kilo moja ni shilingi 3,000, na robo kilo ni shilingi 900. Anayenunua robo nne kwa siku nne analipa 3,600 kwa kilo ile ile. Mwenye fedha kidogo analipa zaidi kuliko mwenye fedha nyingi. Hilo ni jambo la kusikitisha, lakini dawa yake ipo. Jirani wanne watoe 750 kila mmoja. Wanunue kilo moja, wagawane kwa kikombe kimoja. Kila mmoja ameokoa shilingi 150.

Sabuni nayo ni vivyo hivyo. Tuseme mche mmoja ni 3,200, na dukani hukatwa vipande vinane, kila kipande 500. Jirani wanne wakinunua mche mzima, kila mmoja anatoa 800 na kupata vipande viwili. Dukani angelipa 1,000. Ameokoa 200.

150 na 200 ni 350. Zimebaki 150. Hizo zitafute mwenyewe. Labda ni pipi na juisi za pakiti. Labda ni vocha ya simu ya kupiga soga. Labda ni ufagio unaonunua dukani na huku minazi imejaa chelewa. Mwenye mikono ya kusuka asinunue kitu anachoweza kukitengeneza kwa jioni moja.

Lakini sikiliza vizuri jambo hili. Kubana matumizi si kujinyima chakula. Usipunguze uji wa mtoto ili ununue rangi. Usiache kwenda zahanati ukiwa mgonjwa. Usimzuie mtoto shule ili akuchanie ukindu. Mtoto anaweza kujifunza ukili jioni, kwa furaha, akiwa amemaliza masomo yake. Akiba inayopatikana kwa kumdhoofisha mtoto si akiba. Ni deni, na litadaiwa baadaye.

Na kubana matumizi si uchoyo. Mtu anayejua anabana kwa ajili ya nini anaweza kumwambia jirani sababu yake bila haya. Mchoyo hana sababu ya kusema.

5. MAKOPO MATATU

Umepata 8,000. Umenunua ukindu. Umesuka, umeuza. Sasa una 27,000 mkononi. Siku hiyo ndiyo ya hatari kuliko zote.

Fedha ikiingia nyumbani hupiga kelele. Mtoto anataka daftari. Dukani kuna deni dogo. Jirani anauza kanga nzuri. Kila kitu kinataka shilingi elfu mbili tu, elfu tatu tu. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Baada ya siku nne fedha imekwisha, na mchuuzi yuko mlangoni na ukindu wa mkopo. Umerudi ulikotoka.

Mkulima havili vyote alivyovuna. Huondoa mbegu kwanza. Fedha ya ukindu ni mbegu. Kwa hiyo nashauri uweke makopo matatu, au bahasha tatu, au mafundo matatu ya kitambaa.

Kopo la kwanza ni la mbegu. Siku ile ile unayouza, kabla hujala hata andazi, rudisha humo zile 8,000 za ukindu na rangi.

Kopo la pili ni la nyumba. Katika 19,000 zilizobaki, weka humo 14,000. Hizo ni za chumvi, mafuta, daftari na sabuni. Zitumie bila kujilaumu. Umezifanyia kazi.

Kopo la tatu ni la akiba. Weka humo 5,000. Hizo ni za siku ya ugonjwa, au za kununua ukindu wa mikeka miwili badala ya mmoja.

Kama mnacho kikundi cha kuweka na kukopa, fedha za kopo la tatu zaweza kukaa huko. Lakini kikundi kiwe na daftari lililo wazi, na kila mwanachama aweze kulisoma. Usiweke fedha mahali ambapo daftari limefungiwa kabatini na mtu mmoja tu ndiye mwenye ufunguo.

6. HARUSI, MATANGA NA SARE

Kuna tundu jingine ambalo fedha zetu hupitia, na watu huona haya kulitaja. Nalo ni michango na sare.

Kuchangiana ni jambo jema. Mwenzako akifiwa, nenda na ulicho nacho. Kesho atakuja kwako. Hilo silipingi hata kidogo. Nalopinga ni kununua sare mpya kwa kila harusi. Wiki hii sare ya kijani, mwezi ujao sare ya zambarau. Asiyenunua anaonekana hapendi wenziwe. Mama anatoa fedha ya kopo la mbegu ili avae saa tano tu. Kisha anasuka mwezi mzima kwa mkopo wa mchuuzi. Wazee walitwambia: kukopa harusi, kulipa matanga.

Mimi naona msukaji ana heshima kubwa kuliko sare. Mpelekee bibi harusi msala au kawa uliyoisuka kwa mkono wako. Atakaa nayo miaka. Kila atakayeifunua kawa hiyo atauliza: "Nani amesuka?" Sare haiulizwi swali hilo.

Kikundi cha wasukaji kikikubaliana jambo hili pamoja, hakuna atakayeona haya. Mtu mmoja akisema peke yake, ataitwa bahili. Watu kumi wakisema pamoja, unakuwa utaratibu.

7. FEDHA HIZI NI ZA NANI?

Ndugu mwanamume unayesoma somo hili, sehemu hii ni yako zaidi.

Katika nyumba nyingi mke husuka jioni, baada ya shamba, maji, kuni na kupika. Mkeka ukiuzwa, mume huuliza: "Fedha iko wapi?" Wengine huichukua yote. Kwa hiyo mke huanza kuficha. Huuza kwa siri, kwa bei ndogo, kwa mtu wa kwanza anayepita, ili jambo liishe upesi. Nyumba imepoteza fedha, na imepoteza kuaminiana pia.

Maoni yangu ni haya. Fedha ya mkeka ni ya aliyeusuka. Yeye ndiye mwenye kuamua ni kiasi gani kitaingia kopo la nyumba. Mume mwenye busara hulinda kopo la mbegu kuliko hata mke, kwa sababu anajua mkeka wa pili unatoka humo. Tena anaweza kusaidia. Anaweza kwenda kukata ukindu. Anaweza kuteka maji jioni mbili kwa wiki. Jioni mbili hizo, kwa hesabu yetu ya mkeka, ni shilingi 2,500. Je, ni aibu kuteka maji yenye thamani ya 2,500?

Na wewe mama, mwonyeshe mwenzako daftari. Fedha iliyoandikwa ni vigumu kuichukua ovyo, maana pengo lake huonekana.

8. SOKO LINATAKA NINI?

Miaka mingi mifuko ya plastiki ilikifukuza kikapu sokoni. Sasa sheria imebadilika. Zanzibar ilitangulia kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006. Kenya ilifuata tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Kikapu kimepata nafasi ya kurudi.

Lakini nafasi si soko. Mnunuzi akikosa kikapu kizuri, atanunua mfuko wa aina nyingine. Mikeka ya plastiki nayo ipo, ni rahisi na huoshwa kwa maji. Kwa hiyo usitegemee huruma ya mnunuzi. Tegemea kazi yako.

Mnunuzi anataka mambo manne. Kwanza, ukindu uwe mkavu, maana ukindu wenye unyevu hufanya ukungu. Pili, rangi isichuje. Jaribu kwa kusugua kitambaa chenye maji kabla ya kuuza. Tatu, mishono iwe imebana na mishikio ya kikapu iwe imara. Kitie mzigo wa mahindi ukinyanyue mwenyewe kabla mnunuzi hajakinyanyua. Nne, vipimo viwe sawa. Mwenye duka mjini akiagiza vikapu ishirini, anataka ishirini vya ukubwa mmoja. Kata kijiti kimoja cha kipimo, na kila msukaji wa kikundi awe na chake kinacholingana.

Hapa kikundi kina faida. Rangi ikinunuliwa pamoja, bei hupungua. Mtu mmoja akipeleka vikapu vya watu kumi, nauli ni moja. Lakini apelekaye apewe orodha iliyoandikwa: jina la msukaji, idadi ya vikapu, bei ya chini. Akirudi, ahesabu mbele ya wote. Kuaminiana ni kuzuri, na daftari hukulinda.

9. MKINDU NAO UNA HESABU YAKE

Neno moja zaidi. Ukindu hautoki dukani kwa asili yake. Hutoka kwenye mkindu, na mkindu una moyo. Anayekata majani machanga yote kwa siku moja anaua mti. Kata machache katika kila mti, uache mengine yakue, uhamie mti mwingine. Usikate moyo wa mti mdogo. Na pale penye unyevu, karibu na mto au bonde, acha miche iote, hata kama shamba linataka kusogea.

Mikindu ikiisha karibu na kijiji, ukindu utatoka mbali. Utakuja kwa gari la mchuuzi, na kwa bei ya mchuuzi. Basi anayeutunza mkindu analinda kopo lake la mbegu.

10. TUANZE LEO

Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, hakutaka watu wajue kusoma ili wasome tu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vilikusanyika kusikiliza redio na kusoma vitabu, vikajadiliana, kisha watu wakaenda kuchimba vyoo. Kusoma kulikwenda mpaka kwenye jembe. Basi na kwetu kusoma kuende mpaka kwenye ukili.

Sikuahidi utajiri. Mikeka haijengi ghorofa. Nakuahidi jambo dogo zaidi, lakini la kweli. Ukihesabu jioni zako, ukitafuta 500 za kila wiki, ukiilinda mbegu, siku moja mchuuzi atakuja mlangoni kwako na mzigo wa ukindu. Utamwambia: "Karibu ukae, kaka. Ukindu ninao. Tuzungumze bei."

Jioni ya leo, kabla hujaanza kusuka, fungua ukurasa mpya wa daftari. Andika tarehe. Chora kistari cha kwanza.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Taja kazi za mkono zinazofanywa kijijini kwenu. Ni zipi zinazoitwa "kupitisha wakati"? Kwa nini?

2. Chagueni kitu kimoja kinachotengenezwa hapa. Andikeni gharama zake, bei yake na idadi ya jioni zake. Kila jioni inaleta shilingi ngapi?

3. Ni nani kati yenu aliyewahi kuchukua ukindu au vitu vingine kwa mkopo wa kulipa kwa kazi? Fanyeni hesabu: alikopa kiasi gani, na alilipa kiasi gani?

4. Mwandishi anasema fedha ya mkeka ni ya aliyeusuka. Je, mnakubali? Wanaume waseme sababu zao, na wanawake waseme zao.

5. Ni vitu gani jirani wanne wa kijijini kwenu wanaweza kununua pamoja na kugawana? Kila mmoja ataokoa kiasi gani kwa wiki?

6. Mwandishi anapinga sare za harusi. Wengine husema sare huleta umoja. Nyinyi mnaonaje?